Meli Nilizoziweka Baharini

Kosa langu la kwanza katika elimu ya anga nililifanya kwa vidole vyangu mwenyewe, mchana kweupe, bila kutumwa na mtu: niliondoa mimea ya baharini katika kazi ya mwanafunzi wa kemia, na mahali pake nikaweka meli. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Bahari sikuwa nimeiona, na hata leo sijaiona. Kazi yangu ilikuwa kuchapa kwenye secrétariat ya Tantine Mado huko Kamalondo, Lubumbashi, duka la chumba kimoja ambako wanafunzi huleta kazi walizoandika kwa mkono ili zichapwe, zitolewe nakala na kushonwa kwa waya wa plastiki. Wiki iliyopita tulimzika Tantine Mado. Kwenye kilio, kati ya viti vya kukodi na wanawake waliokuwa wanachagua mchele, nilimwona Ngalula Bénédicte, mwenye kazi ile, ambaye sote tulimwita Béné. Alikuwa amesafiri kutoka Muanda, kule mwisho kabisa upande wa magharibi ambako nchi yetu inagusa Atlantiki. Hakunipa hata mkono. "Petit," alisema, yaani mdogo wangu, "bado unatembezaka ma-bateau yako ku bahari?" Waliokaa karibu waligeuka kunitazama, wakadhani nimekuwa tajiri mwenye meli. Mimi nilicheka, na tangu siku hiyo sijaweza kukaa sehemu moja bila kuufikiria mwaka ule wa kazi yake.

Chumba kile nakikumbuka kwa sauti kabla ya sura. Upande wa kushoto, nyuma ya ukuta mwembamba, cherehani ya Papa Kabeya ilikimbia na kusimama, ikakimbia na kusimama. Ng'ambo ya barabara baa ilifungulia muziki hata kabla ya adhuhuri, na uani jenereta ilikohoa kila umeme ulipokatika. Kulikuwa na kompyuta mbili, mashine ya nakala iliyohitaji kupigwa kofi ubavuni, na dirisha la nondo ambapo wateja waliegemeza viwiko na kuzungumza mambo yao kana kwamba sisi wa ndani ni meza na kabati. Karibu kila ninachojua nilijifunza humo. Baada ya sekondari sikuendelea na masomo, kwa hiyo kila kazi niliyochapa niliisoma kama mtu anayeiba: sheria ya ardhi, magonjwa ya mihogo, uhasibu, mifupa ya binadamu. Nilichapa haraka, lakini sifa yangu haikutokana na haraka. Wanafunzi walikuja kwetu kwa sababu nilirekebisha Kifaransa chao. Tantine Mado aliwaambia pale dirishani, "Leta tu. Kama kuko faute, mutoto wangu ataiona." Na mimi, niliyekosa usingizi kwa sababu ya koma iliyokaa vibaya, niliyapokea maneno yale kama cheo. Hakuna aliyeniambia marekebisho yanaishia wapi. Sikuuliza pia. Mtu anayeogopa kukosea hapendi kuuliza, maana swali linaonyesha tundu lilipo.

Béné alikuja katikati ya kiangazi, wakati watu wa mji huu wanavaa makoti asubuhi na kuyabeba mkononi mchana. Alitoka Kipushi, mji mdogo wa jirani, kwa teksi, mkoba umejaa karatasi zilizoandikwa kwa wino wa buluu, mistari imebanana kwa sababu alizionea karatasi huruma. Tantine Mado alizipokea, akazipima mkononi kama mtu anayenunua nyama, akauliza kazi inahusu nini.

"Inahusu soufre, Tantine. Vile inageukaka vumbi mu hewa, kule juu ya bahari."

Soufre kwetu ndiyo salfa. Papa Kabeya alikuwa amesimama mlangoni na mkanda wa kupimia shingoni. Alikuwa na tabia ya kuingia kila aliposikia sauti ya msichana. "Bahari?" alisema. "Weye muntu wa Kipushi, unaenda kutafuta soufre ku bahari? Simama tu hapa ku barabara. Inapita mu ma-camion kila siku."

"Njo sababu, Papa. Prof wangu anasema hivi: kama unataka kujua moshi yetu inaongeza nini mu hewa, ujue kwanza ile hewa inafanyaka nini kama bantu habako. Na fasi yenye bantu habako iko wapi? Iko katikati ya bahari."

Papa Kabeya aliinamisha kichwa, akafikiri, akaona prof huyo ni kama yeye. "Ah. Sawa miye. Siwezi kupima muntu akivaa manteau, ile koti ya baridi. Atoe kwanza."

"Na banamuke, Papa, nabo unabaambiaka batoe?" Tantine Mado aliuliza bila kuinua macho, na sisi wote tukacheka, na Papa Kabeya akarudi kwenye cherehani yake akinung'unika kwamba duka hili halina heshima.

Baada ya kicheko Béné alibaki kwenye kaunta, akaniambia kwa sauti ya chini jambo ambalo sikupaswa kulisahau hata kidogo. Kwenye maabara ya kemia kulikuwa na nafasi moja ya msaidizi. Angeipata kama angemaliza na alama ya distinction, yaani daraja la juu. Akipata chini ya hapo, angerudi Kipushi kutafuta shule ya kufundisha, kama ipo. Utetezi wa kazi, ule tunaouita soutenance, ulikuwa karibu. "Kwa hiyo, petit, uniandikie muzuri," alisema. "Banasema weye unaona kila kintu." Nilimjibu kwamba asiwe na wasiwasi. Nilijibu hivyo kwa sababu wasiwasi wote ulikuwa umekwisha kuhamia kwangu. Usiku ule niliota pambizo za kurasa.

Siku za kwanza nilimpigia simu mara nyingi mno. Nilimwuliza kama herufi kubwa ikae hapa, kama neno hili lipigiwe mstari, kama nukta ije kabla au baada ya mabano. Mwanzoni alijibu kwa upole, kisha kwa kifupi, na mwisho nilisikia akimwambia mtu pembeni yake, "Ni ule mutoto wa Kamalondo tena." Niliona aibu hadi masikio. Nikaapa kutomsumbua tena. Ndiyo maana nilipofika sura ya pili na kukuta jambo kubwa, jambo lililostahili simu kuliko yote, sikupiga.

Sura ya pili ilianza na swali la salfa ya hewa ya baharini inakotoka. Béné alikuwa ameandika kwamba mbali na nchi kavu sehemu yake kubwa huanzia kwenye mimea midogo inayoelea majini. Nilisoma, nikarudia, nikainuka, nikaenda uani, nikarudi. Mimea itoe salfa? Mtu wa Lubumbashi akisikia salfa haoni mmea. Anaona mifuko ya unga wa njano juu ya malori, anaona matangi ya asidi yanayopita polepole na maandishi mekundu, anakumbuka zile asubuhi ambazo hewa inakwaruza koo na akina mama wanaanua nguo kwenye kamba. Salfa kwetu ina mwenyewe, ni mali ya kiwanda, ina lango na mlinzi. Na mimi zaidi ya hapo nilikuwa na elimu yangu ya kuokota. Miezi michache nyuma, kwenye simu, nilikuwa nimeona picha ya bahari iliyopigwa kutoka angani, yenye mistari mirefu myeupe ndani ya mawingu, na maelezo kwamba mistari ile ni njia za meli: moshi wa meli una salfa, salfa inageuka chembechembe, na chembechembe zinaongeza weupe wa wingu. Niliipenda picha ile kupita kiasi. Nilikuwa nimewaeleza wateja watatu au wanne ambao hawakuniuliza. Sasa nikasema moyoni: Béné amechoka, amenakili mstari kutoka mahali pengine. Anamaanisha meli. Nikafuta, nikaandika meli. Kisha, kwa kuwa mimi si mtu wa kuacha kazi nusu, nilipita kurasa zote zilizofuata nikalainisha kila mahali palipogongana na sahihisho langu. Palipokuwa na "vyanzo vilivyo hai" nikaweka "usafiri wa baharini". Mchoro wake, wenye mshale unaotoka majini kwenda juu, niliuchora upya kwa kompyuta, mshale ukitoka kwenye bomba la meli. Ulikuwa mchoro safi sana. Nakumbuka nilivyoutazama kwa furaha, na nikiukumbuka leo natamani kuamka nitembee.

Béné alipokuja kuchukua kazi, siku ya mwisho ya kuiwasilisha, umeme ulikuwa umekatika na nyuma yake walipanga foleni wanafunzi wengine waliokuwa wanalia kama watoto. Alitazama jalada. Alitazama ukurasa wa shukrani kuona kama jina la mama yake limeandikwa sawa. Alipitisha kidole kwenye yaliyomo, akabusu rundo lile la nakala na kukimbilia teksi. Hakuna mwanafunzi aliyekuwa anasoma tena kazi yake pale kwetu. Hapo ndipo desturi yetu ilipokuwa na hatari, ingawa tuliiona kuwa wema: walituamini.

Ukweli niliupata kwa sababu ya uroho wangu wa kusoma. Béné alikuwa ameacha kwenye kompyuta yangu makala alizotumia, na siku mbili baada ya yeye kuondoka nilizifungua, si kwa mashaka, bali nikitumaini kuona meli zangu humo na kujipongeza. Nilisoma polepole, kamusi pembeni. Meli zilikuwepo, ndiyo. Lakini kila makala ilianza na mimea, na ile iliyokuwa wazi kuliko zote ilisema bahari ilikuwa inatoa gesi ya salfa zamani sana, kabla ya binadamu kujua kuchonga hata mtumbwi. Nilisoma sentensi ile, kisha nikasikia cherehani ya Papa Kabeya, kisha sikuisikia tena. Nilifunga makala, nikainuka. Tantine Mado alikuwa uani akigeuza bukari, yaani ugali, na ndakala zilikuwa zimekwisha kuiva, vile visamaki vidogo vikavu alivyovipika kwa nyanya. Aliniwekea sahani. Nilikaa mbele yake bila kunawa.

"Unagonjwa?"

"Tantine, nilicorriger kazi ya Béné."

"Njo kazi yako."

"Hapana Kifaransa. Nilicorriger bintu alisema. Nilifikiri anakosa. Haikuwa yeye. Ni miye."

Aliweka mwiko chini. Tantine Mado alikuwa mwanamke wa kelele, alifokea hata mashine, lakini siku ile sauti yake ilishuka. "Nani alikutuma?" Niliisogeza sahani pembeni. "Hauna mudomo ya kuuliza? Ile téléphone tunaitiaka unités juu ya nini?" Nikasema salio lilikuwepo, ila niliona aibu. "Haya," alisema, "ulichunga aibu yako mu mufuko, sasa ule mutoto wa bantu njo ataivaa mbele ya jury." Kisha akasukuma sahani kuelekea kwangu. "Kula. Njaa haitasaidia Béné. Ukimaliza, uende Kipushi. Hapana kupiga simu. Umuambie ukiwa mbele yake, akuone uso." Alinipa nauli, na nilipofika mlangoni akaongeza kitu ambacho sikukitegemea. "Umuambie na miye nilikosa. Miye njo nilibaambiaka bantu unaona kila kintu."

Njia ya Kipushi si ndefu, lakini siku ile niliiona haina mwisho. Dereva alisimama kwa kila aliyeinua mkono. Nilijifunza maneno ya kuomba radhi, nikayasahihisha, nikayapanga upya, na nilipofika kwao sikukumbuka hata moja. Béné alikuwa uani anapiga pasi ya makaa suti yake ya soutenance, ya buluu nzito, juu ya meza iliyotandikwa blanketi. Mama yake alikuwa anachemsha shu, yaani kabichi, juu ya mbabula, jiko la makaa. Nilisema yote kwa pumzi moja, nikamfungulia ukurasa kwenye nakala niliyokuja nayo. Alisoma amesimama, pasi ikiwa bado juu ya suti, hadi mama yake akapiga kelele kwamba suti itaungua. Aliweka pasi pembeni. Akasoma tena, kisha akageuza kurasa, akauona mchoro wangu.

"Umeandika muzuri sana, petit," alisema. "Hata miye ningeamini."

Alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa huko. Mama yake alinitazama, akatazama njia aliyoifuata binti yake, akanisogezea kigoda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na sauti ilikuwa kavu. "Unajua swali yenye bataniuliza? Bataniuliza hivi: mbele bantu batengeneze bateau, mawingu ya bahari ilikuwa inatoka wapi? Na miye nitasema nini? Nitasema mutoto wa Kamalondo aliona photo ku téléphone?" Nikamwambia ndiyo, aseme hivyo hivyo, aseme ni mpigachapa. Wanafunzi wote husema hivyo. Jury ikikuta kosa, mwanafunzi anasema ni kosa la kuchapa, maprofesa wanacheka, maisha yanaendelea. "Erreur de frappe?" Béné alisema. "Kurasa mingi hivi? Ile machine ilikuwa na akili gani?"

Kisha akavuta kigoda cha pili. Ninarudi mara nyingi kwenye dakika ile, kwa sababu angeweza kunifukuza, na sijui mimi ningefanya nini mahali pake. Alisema tutaandika karatasi ya masahihisho, ile inayoingizwa mwanzoni mwa kazi, lakini kwanza lazima nielewe. "Sitaki uandike tena kintu hauelewi. Kuya hapa. Nusa." Alifunua sufuria ya mama yake, na mvuke wa shu ukanipiga usoni, ule mzito wenye utamu ulioharibika, ambao majirani huusikia kabla ya kuitwa kula. "Ile gaz ya bahari iko na hii harufu. Iko mu mvuke ya shu vilevile. Prof alituambiaka, bahari inanuka vile kidogo. Miye nayo sijafikaka." Mama yake akasema, "Kumbe ninapikaka bahari," akafunika sufuria yake kwa hasira ya kujifanya.

Akanieleza, na nitaandika nilivyoelewa. Katika maji ya juu ya bahari, kule mwanga unakofika, kunaishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Ndani yake inatengeneza kitu chenye salfa kinachoisaidia kuvumilia chumvi. Ikifa au ikiliwa, kitu kile kinamwagika majini, vijidudu vinakivunja, na sehemu yake inageuka ile gesi ya harufu ya shu na kupanda hewani. Juu huko, jua likipiga hewa yenye unyevu linazaa chembe kali zisizodumu, nazo zinaishambulia gesi ile hadi inakuwa gesi nyingine, ileile inayotoka kwenye mabomba ya viwanda na kukwaruza koo. Hapo njia zinagawanyika. Mahali pasipo na wingu, gesi hii inageuka polepole kuwa mvuke wa asidi, na mvuke huo hauwezi kukaa peke yake. Unajishika kwenye chembe yoyote iliyo karibu. Na hewa ikiwa safi sana, mvuke hauna pa kujishika, molekuli zake zinashikana na maji na kuanzisha chembe mpya kabisa. Penye wingu, gesi inaingia ndani ya tone, inayeyuka, na humo inageuka haraka zaidi. Nilidhani basi mvua inanyesha na hadithi imekwisha. Béné alitikisa kichwa. Mawingu mengi hayanyeshi, alisema, yanakauka tu. Tone linaondoka, linaacha chembe ya salfeti ikielea, kubwa kuliko ile iliyoingia, na kesho yake chembe hiyo inakuwa mbegu ya tone jingine. Bila mbegu hakuna tone.

"Kwa hiyo wingu inajipikia mbegu yake?" niliuliza.

Kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu. "Njo vile. Andika vile."

"Na meli?"

"Bateau iko, petit. Haukudanganya yote. Inaongeza. Lakini weye ulifanya bahari inangojea bateau, sawa haikuwa na kazi."

Tulikula shu ile na bukari, na sijawahi kula nikiwa na hofu na furaha kwa pamoja kama siku ile. Nilikuwa nimemharibia mtu maisha, huenda, na wakati huohuo nilitaka aendelee kunieleza hadi jua lizame. Ninaliandika kwa sababu ni kweli na kwa sababu sijalipenda.

Tulichapa karatasi ya masahihisho kesho yake, Béné amekaa bega kwa bega nami, akisoma kila mstari kwa sauti. Tantine Mado hakuchukua malipo, akafunga dirisha kwa wateja mpaka tulipomaliza, jambo ambalo Papa Kabeya alisema hajawahi kuliona tangu azaliwe. Mchoro nilioupenda niliufuta mwenyewe. Katibu wa kitivo aliturudishia nakala tukabandika karatasi ndani, isipokuwa nakala moja. Profesa mmoja wa jury, mzee aliyesifika kwa kusoma hadi tanbihi, alikuwa amekwisha kuondoka na yake. Tulimwachia karatasi kwenye sanduku lake la barua. Hakuna aliyejua kama atapita kulifungua.

Siku ya soutenance nilikaa nyuma kabisa, kando ya kreti za vinywaji ambazo familia ilileta kwa sherehe ya baadaye. Suti ya Béné ilikuwa na alama ndogo ya pasi kwenye mkono, mimi tu na mama yake tulijua ilikotoka. Alieleza vizuri. Profesa wa kwanza aliuliza, wa pili aliuliza. Kisha yule mzee alifungua nakala yake, na kutoka nyuma nikaona kwamba ndani hakuna karatasi nyeupe. Aliuliza karibu neno kwa neno kile Béné alichobashiri uani Kipushi: "Mademoiselle, kabla ya meli kuwapo, mawingu ya bahari yalipata wapi mbegu zake?"

Nilikuwa nimeshika kreti kwa mikono miwili, na nilitaka aseme. Aseme ni mpigachapa, anyooshe kidole, wacheke, niwe mjinga mbele ya watu wote, alama yake ibaki. Nilikuwa tayari kuinuka. Béné aliutazama ukurasa, kisha akamtazama mzee.

"Ukurasa huo una uongo, Profesa," alisema kwa Kifaransa chake kilichonyooka. "Una jina langu, na niliuleta bila kuusoma. Masahihisho yapo kwa wenzako. Naomba nieleze ubaoni yalivyo."

Alichukua chaki. Alichora maji, akachora vitu vidogo ndani yake, akapandisha mshale. Alieleza jua, akaeleza tone linaloingiwa na gesi, linalokauka na kuacha mbegu. Mzee alimkatiza mara mbili kwa maswali, na mara zote mbili Béné alijibu kabla hajamaliza kuuliza. Mimi nilikuwa natamka pamoja naye, midomo tu. Mwishoni mzee alifunga nakala yake na kusema anaamini alichosikia kuliko alichosoma, lakini jury inatoa alama kwa vyote viwili.

Walimpitisha. Hawakumpa distinction. Nje, wanawake wa familia walimngojea na makopo ya poda, wakammwagia kichwani kama tunavyofanya kwa kila aliyefaulu, wakipiga vigelegele, na yeye alicheka amefumba macho, suti imekuwa nyeupe. Poda nzito ilianguka mabegani. Ile laini ilibaki hewani juani, ikazunguka pale pale muda mrefu baada ya watu kuondoka kwenda kwenye vinywaji. Niliitazama. Sikwenda kunywa.

Nafasi ya maabara alipewa mwingine. Béné alifundisha Kipushi kwa muda, kisha alipata kazi ya kupima maji huko Muanda, na mimi kwa miaka yote hii nimebeba hesabu isiyofunga: je, bila meli zangu angeipata? Wiki iliyopita kwenye kilio, tulipokaa pamoja na sahani za mchele magotini, hatimaye nilimwuliza. Alitafuna kwanza. "Usijitukuze, petit," alisema. "Ile place, banasema, ilikuwa na mwenyewe tangu mbele. Na pengine hapana. Miye sijue, weye haujue. Kula." Aliniambia Tantine Mado alikuwa anampigia simu kila mwaka, tarehe ileile ya soutenance, kumwuliza kama amekwisha kunisamehe, na kila mwaka alimjibu bado, ili apige tena mwaka unaofuata. Hapo alitazama viti, na nikaona kwamba naye amekuja kutoka mbali kwa ajili ya simu ambayo haitalia tena.

Baadaye nilimwuliza jambo la pili lililonisumbua. "Na bahari? Inanuka kweli sawa shu?"

"Inanuka samaki," alisema Béné. "Inanuka mazuti ya ma-bateau. Na shu kidogo, kama uko na imani."

Duka la Tantine Mado liko mikononi mwangu sasa. Cherehani ya jirani bado inakimbia na kusimama, wanafunzi bado wanaegemeza viwiko dirishani, na bado narekebisha Kifaransa chao. Lakini nikikuta sentensi nisiyoiamini siigusi. Naweka alama ya penseli pembeni, nachukua simu, namwuliza mwenyewe. Mara nyingi hawapokei. Naiacha ilivyo, nangoja.